Mali Bila Daftari: Jedwali la Kompyuta au Programu ya Biashara?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini hawakutuambia daftari lenyewe liwe la namna gani, kwa kuwa enzi zao daftari lilikuwa moja tu, nalo ni karatasi na kalamu. Leo mambo yamebadilika. Katika nyumba nyingi za askari, za polisi na za watumishi wa serikali katika miji yetu ya Jinja na Mbale, utaikuta kompyuta ndogo mezani, na mama wa nyumba au kijana wa sekondari akiitumia kuandikia hesabu za kikundi cha akiba, za kibanda cha fedha za simu, au za duka. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, nami nimeonelea nilijibu hapa kwa urefu. Je, yatosha kuziweka hesabu hizo katika jedwali la kompyuta, au inafaa kununua programu iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya biashara?

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilisomea ualimu wa shule za msingi nikapata cheti, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, na sasa nafanya kazi ya ofisi mjini Jinja. Umri wangu haujafika miaka arobaini. Ila kwa kuwa mtu aliyepata kuwa mwalimu hakosi kuombwa msaada wa kuandika na kuhesabu popote aendapo, nimepata kuzipitia hesabu za watu wengi, huku Jinja ninakofanya kazi na kule Mbale kwetu. Nitakayoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na machache niliyoyasoma.

JEDWALI NI KITU GANI

Jedwali ninalolizungumzia, ambalo wataalamu wa Kiswahili wamelipa jina la lahajedwali, ni kama karatasi pana iliyopigwa mistari ya wima na ya mlalo ndani ya kompyuta. Kila chumba kidogo cha karatasi hiyo huitwa seli. Ndani ya seli waweza kuandika neno, au namba, au amri ya hesabu iitwayo fomula, kama vile kuiagiza mashine ijumlishe namba zote zilizo juu ya seli hiyo. Jedwali linalojulikana zaidi ni Excel, ambalo huuzwa. Lakini yapo pia yasiyolipiwa, kama vile LibreOffice Calc, na hata katika simu ya mkononi yanapatikana.

Asili ya chombo hiki inampendeza kila mwalimu. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Dan Bricklin, alikuwa darasani akimtazama mwalimu wake akichora jedwali la hesabu za biashara ubaoni. Kila mwalimu alipobadili namba moja, ilimbidi afute na kuandika upya namba nyingine zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza, laiti ubao ungeweza kujisahihisha wenyewe! Yeye pamoja na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza programu iitwayo VisiCalc, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1979. Baadaye ikaja Lotus 1-2-3 mwaka 1983, kisha Excel mwaka 1985. Kwa hiyo nguvu ya jedwali tangu mwanzo ni hiyo hiyo ya ubao unaojisahihisha. Ukibadili neno moja, mengine hufuata.

Nguvu hiyo ina manufaa makubwa nyumbani. Tuchukue mfano wa nyumba inayopata shilingi 900,000 kwa mwezi. Chakula ni shilingi 400,000, fedha za kuweka kando kwa ajili ya karo ni 250,000, umeme na maji 60,000, usafiri 50,000, na akiba 100,000. Jumla ya matumizi ni 860,000, na zinabaki 40,000. Je, karo ikipanda ikawa ni lazima kuweka kando 280,000? Zitabaki 10,000. Na mzazi kule kijijini akihitaji dawa za shilingi 20,000 kila mwezi? Nyumba itapungukiwa na 10,000. Ukiwa na jedwali, maswali kama haya ya “ingekuwaje” hujibiwa mara moja, na mume na mke wanaweza kuketi pamoja na kuamua wapunguze nini kabla shida haijabisha hodi. Sijaona programu ya biashara inayoifanya kazi hii kwa wepesi kama jedwali. Zaidi ya hayo, jedwali hukubali utaratibu wowote. Ukitaka kuhesabu kuku, mahindi, siku za likizo au zamu za lindo, hutaambiwa kuwa jambo hilo haliruhusiwi.

YALIYOTOKEA JINJA

Lakini uhuru huo huo ndio unaoleta hatari. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha akiba hapa Jinja kiliniita niwasaidie. Kikundi hicho kilikuwa na wanachama 34, wengi wao wake wa askari na wa polisi. Kila juma mwanachama aliweka shilingi 10,000. Fedha zilikaa katika sanduku lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na zilipozidi zilipelekwa benki. Kila mwanachama alikuwa na kitabu chake kidogo kinachopigwa muhuri kila juma. Juu ya hayo yote palikuwa na jedwali la kompyuta, ambalo kijana mmoja aliwatengenezea kwa wema wake kabla hajaenda kusoma Kampala.

Mume wa mwanachama mmoja alipata uhamisho wa kituo. Mama huyo akaja kuomba fedha zake ili ahame na watoto na kuwalipia karo huko aendako. Kitabu chake kilionyesha majuma 96, yaani shilingi 960,000. Jedwali likaonyesha shilingi 840,000. Pengo lilikuwa shilingi 120,000. Kwa tajiri si kitu, lakini kwa mama anayehama na watoto wanne ni jambo la kumkosesha usingizi.

Na mnajua, ndugu wasomaji, maneno yanavyokimbia katika majumba ya kambini. Haikupita siku mbili kabla watu hawajaanza kunong’ona kuwa mweka hazina amezila fedha hizo. Mweka hazina alikuwa mke wa polisi, mwanamke mtulivu ambaye hakuwahi kulipwa hata senti moja kwa kazi ile. Alianza kupita njia ya nyuma aendapo sokoni ili asikutane na wenzake.

Mama mwenyekiti aliniambia, “Mwalimu, tuambie ukweli. Kama fedha zimeliwa, tumjue aliyezila.”

Nikamjibu, “Mama, tulitafute kwanza kosa lilipo. Habari ya mtu itafuata yenyewe.”

Nilitumia njia niliyofundishwa chuo cha ualimu ya kujaza rejista ya mahudhurio. Mwalimu hujumlisha mahudhurio ya kila mtoto kwa mlalo, kisha hujumlisha mahudhurio ya kila siku kwa wima, na jumla kuu mbili hizo hazina budi kuwa sawa. Zisipolingana, liko kosa mahali. Nilifanya hivyo hivyo katika jedwali lile. Nilijumlisha michango ya kila juma kwa wima, kisha nikajumlisha akiba ya kila mwanachama kwa mlalo. Jumla ya wima ilizidi ile ya mlalo kwa shilingi 120,000 kamili. Nikahesabu fedha zilizokuwa sandukuni na zilizokuwa benki, na zote pamoja zikalingana na jumla ya wima. Basi hakuna hata shilingi moja iliyokuwa imepotea.

Kilichobaki ni kuutafuta mstari wenye kosa. Wanachama 33 walikuwa na fomula katika seli ya jumla. Kwa mama yule tu, badala ya fomula, palikuwa na namba 840,000 iliyoandikwa kwa mkono. Mtu fulani, katika juma la 84, aliandika namba juu ya fomula, na tangu siku hiyo seli ile ikawa haisogei tena. Majuma 12 yaliyofuata yaliandikwa vizuri katika mstari wake lakini hayakujumlishwa. Nani aliyefanya hivyo? Hatukujua, wala hatutajua kamwe. Kompyuta ile iligusiwa na watu watatu, pengine na watoto wao pia. Yapo majedwali ya mtandaoni yanayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, lakini lile lilikuwa faili la kawaida, nalo halikumbuki mkono uliolishika.

Mama yule alilipwa shilingi 960,000 zake akahama kwa amani. Mweka hazina alitangazwa mbele ya wote kuwa hana hatia. Wenzake wakamsihi aendelee na kazi. Alikataa kwa upole, na hadi leo hajarudi. Nalieleza jambo hili ili tuelewe kuwa hesabu mbovu haileti hasara ya fedha peke yake, kwani inaweza kuliharibu jina la mtu ambaye hakutenda kosa lolote.

HATA WAKUBWA HUKOSEA

Asije mtu akadhani kuwa makosa kama haya ni ya akina mama wa vikundi tu. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, nayo ikanukuliwa na viongozi wa mataifa makubwa. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, aliomba jedwali lao akalikagua. Miongoni mwa kasoro alizozitaja ni kuwa fomula ya wastani iliishia mistari mitano mapema mno, ikaziacha nje nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kasoro hiyo inafanana sana na ile ya Jinja. Namba zilikuwamo katika jedwali, lakini hazikujumlishwa.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilipokea majibu ya vipimo na kuyaingiza katika jedwali la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kupokea zaidi ya mistari 65,536. Lilipojaa, majibu yaliyozidi hayakuingia, na mashine haikupiga kelele yoyote. Wagonjwa 15,841 hawakuingizwa katika hesabu ya siku zao, na kuwatafuta watu waliokutana nao kukachelewa. Hapo tunajifunza kuwa jedwali likishindwa, mara nyingi hushindwa kimya kimya.

DUKA LA MBALE

Sasa tuelekee Mbale. Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi huko: saruji, misumari, mabati, rangi na mabomba. Mumewe ni askari, naye huwa mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Duka hilo lilitokana na akiba ya wote wawili, na shemeji yangu kila apigapo simu huuliza mambo mawili, kwanza watoto hawajambo, pili mali imefikia wapi.

Hapo mwanzo dada alitumia jedwali. Akiwa peke yake dukani, lilimtosha. Alipowaajiri vijana wawili, mambo yakaanza kumwendea mrama. Sababu yake ni hii. Akiuza mabati kumi kwa mkopo, jambo hilo moja hubadilisha vitabu viwili au vitatu kwa pamoja. Mali stoo hupungua, deni la mteja huongezeka, na kama mteja ametoa kitangulizi, fedha za kasha huongezeka pia. Katika jedwali, kila kimoja cha hivyo huandikwa na mtu kwa mkono wake. Akisahau kimoja, vitabu havipatani tena. Mwisho wa mwezi mabati yaliyohesabiwa stoo hayakulingana na yaliyo katika jedwali, na vijana wakatupiana lawama.

Ndipo aliponunua programu ya biashara. Msingi wa programu za namna hii si mpya hata kidogo. Mwaka 1494, kule Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu kilichoeleza utaratibu wa wafanyabiashara wa kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ili vitabu vijikague vyenyewe. Programu huufanya utaratibu huo yenyewe. Kijana anapotoa risiti, stoo hupungua, kasha huongezeka na deni huandikwa, yote kwa tendo moja. Kila kijana ana jina lake na neno lake la siri, kwa hiyo kila risiti ina mwenyewe. Namba za risiti hufuatana, na ikifutwa moja, alama hubaki. Tangu hapo lawama zilipungua, na shemeji akiuliza mali imefikia wapi, dada humjibu siku hiyo hiyo.

Iko pia sababu ya kisheria. Tangu Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda iliwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watoe risiti za kielektroniki kupitia mfumo uitwao EFRIS. Mfanyabiashara aweza kuzitoa kwa kutumia tovuti ya mamlaka, au mashine maalumu, au kwa kuiunganisha programu yake na mfumo huo. Kwa mwenye wateja wengi, programu iliyounganishwa humwondolea kazi ya kuandika kila kitu mara mbili.

PROGRAMU NAYO INA MIPAKA

Hata hivyo, dada hakulitupa jedwali. Programu aliyoinunua ilijua kuuza saruji kwa mfuko mzima, lakini mjini Mbale watu hujenga kidogo kidogo, na fundi huja kutaka nusu mfuko au kilo tano. Wateja wengine ni wakulima wa kahawa wa milimani, ambao hukopa sasa na kulipa msimu wa mavuno, kila mmoja kwa makubaliano yake. Programu haikuzijua desturi hizo. Basi madeni ya wakulima bado huandikwa katika jedwali, kwa sababu jedwali humfuata mtu, ilhali programu humtaka mtu aifuate yeye.

Pili, programu ile hulipiwa ada kila mwezi. Mwezi mmoja malipo yalichelewa, na Jumamosi asubuhi, duka likiwa limejaa watu, mlango wa programu ukafungwa. Umeme ukikatika na betri ikiisha, hali ni hiyo hiyo. Ndiyo maana kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni hakijaondoka chini ya meza, na vijana hukitumia bila kuona aibu.

Lakini mpaka mkubwa kuliko yote ni huu: programu huonyesha jibu bila kuonyesha jinsi ilivyolipata. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1999, shirika la posta lilianza kutumia katika matawi yake programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu hiyo ilikuwa na kasoro, nayo ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa matawi madogo walipolalamika, mashine iliaminiwa na wao hawakuaminiwa. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Ninapoisoma habari hiyo namkumbuka mweka hazina wetu wa Jinja. Yeye aliokolewa na mambo mawili: seli ambayo mtu yeyote aliweza kuifungua na kuona kilichomo, na vitabu vidogo vya karatasi vyenye muhuri. Wale wa Uingereza hawakuwa na mlango wa kuingia ndani ya hesabu iliyowashtaki. Kwa ufupi, jedwali la kawaida hukuonyesha hesabu ilivyofanywa lakini halikuambii aliyeifanya, na programu hukuambia aliyeifanya lakini haikuonyeshi ilivyofanywa. Aliye na busara hukiongezea kila chombo kile ambacho hakinacho.

Wala mtu asidhani kuwa programu ni dawa ya uovu. Serikali yetu ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta wa kusimamia fedha tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Hata hivyo mwaka 2012 ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilifichua kuwa fedha za wafadhili zilizokusudiwa kuijenga upya kaskazini ya nchi zilichotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Januari 2013 Uganda iliirudishia Ireland Euro milioni 4. Kufuli nzuri haimzuii mwizi anayeshika ufunguo.

USHAURI WANGU

Basi tufanyeje? Watu wengi huuliza, “Nina wanachama wangapi ndipo ninunue programu?” Mimi nasema, usihesabu wanachama peke yao, hesabu mikono inayoandika, na hesabu vitabu vinavyobadilishwa na tendo moja. Kikundi cha watu 34 chenye mwandishi mmoja, ambacho kazi yake ni kuweka akiba tu, kitatosheka na jedwali. Duka lenye wauzaji wawili, stoo na madeni, lahitaji programu hata kama ni dogo. Na vyama vikubwa vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wanajeshi wetu, chenye wanachama maelfu kwa maelfu walioenea nchi nzima, haviwezi kamwe kuendeshwa kwa jedwali.

Kwa wale watakaobaki na jedwali, nashauri haya. Kwanza, seli zenye fomula zifungwe kwa neno la siri, zibaki wazi zile za kuandikia michango tu. Pili, jumla ya wima na ya mlalo zilinganishwe kila mkutano, mbele ya wote. Tatu, aandike mtu mmoja, na mwingine asome namba kwa sauti kutoka katika vitabu vya wanachama. Nne, kila mwisho wa mwezi nakala iwekwe katika flashi na kutunzwa katika nyumba nyingine, kwa kuwa moto na mwizi havichagui. Kikundi cha Jinja kilichagua njia hii, nacho kinaendelea vizuri.

Kwa wanaotaka kununua programu, muulizeni muuzaji maswali haya kabla hamjatoa fedha. Ada yake ni kiasi gani kwa mwaka mzima, wala si kwa mwezi wa kwanza tu? Je, hufanya kazi bila mtandao? Ikiharibika, ni nani atakayekuja kuitengeneza hapa hapa Jinja au Mbale? Inakubali kuuza nusu mfuko? Na swali kuu kuliko yote: nikiamua kuiacha, je, naweza kuzitoa hesabu zangu zote katika mfumo wa jedwali nikaondoka nazo? Muuzaji akisitasita katika swali hilo la mwisho, fungeni mkoba wenu.

Kwa wote, kitabu kidogo cha karatasi kisiachwe. Kitabu cha mwanachama na risiti aliyopewa mteja mkononi ndio ushahidi ambao hakuna fomula wala kasoro ya programu inayoweza kuufuta. Majina, namba za simu na hesabu za watu zilindwe pia, kwani tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa za watu, nayo haimruhusu mtu kuzitawanya ovyo.

Neno langu la mwisho ni kwa nyumba za askari na polisi hasa. Sisi ni watu wa uhamisho na safari za kikazi. Usiku mmoja amri huja, na asubuhi baba au mama hayupo. Nimeona nyumba ambamo mume peke yake ndiye aliyejua neno la siri la kompyuta yenye hesabu za shamba, za mkopo na za waliomkopa. Alipopelekwa mbali, mke hakujua adai nini wala alipe nini, na wadai wakaja na hesabu zao wenyewe. Ama iwe jedwali au programu, hesabu ambayo mtu mmoja tu anaweza kuifungua si mali ya nyumba. Mwenye kuondoka amfundishe anayebaki. Waketi pamoja jioni mbili au tatu, kila mmoja aandike kwa mkono wake na kujumlisha mwenyewe. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, lifungwe, na likabidhiwe mtu mwaminifu wa ukoo. Kisha, mwisho wa kila mwezi, muhtasari wa ukurasa mmoja uchapishwe au unakiliwe kwa kalamu: tuna nini, tunadai nani, tunadaiwa na nani. Ukurasa huo mmoja ukiwa ndani ya sanduku la nyumba, yule atakayebaki hataanza kuuliza majirani habari za mali yake mwenyewe.